Dira Inapozunguka

  

Leo tuzungumze juu ya gemu. Nasema zile gemu zinazochezwa kwenye televisheni, mtu ameshika pedi na macho hayabanduki kwenye skrini. Najua wako wazazi ambao wakilisikia neno hilo tu wanakunja uso. Wanaona muda unaopotea, umeme unaoliwa, na daftari la shule lililofungwa. Wasiwasi huo una haki yake, wala sitaudharau. Lakini nakuuliza, mzazi mwenzangu: umewahi kukaa karibu ukatazama hasa kinachochezwa? Ukauliza, "Huyu ni nani? Anakwenda wapi? Kwa nini?" Leo nataka nikueleze gemu moja tu, niieleze vizuri, halafu wewe mwenyewe utapima.

Gemu hiyo inaitwa Skies of Arcadia. Ilitoka Japani mwezi Oktoba mwaka 2000, na huko iliitwa Eternal Arcadia. Marekani ilifika Novemba mwaka huohuo, Ulaya mwaka 2001. Walioitengeneza ni kikosi kilichoitwa Overworks, kilichokuwa chini ya kampuni ya Sega, nao waliitengeneza kwa ajili ya mashine ya Dreamcast. Ni gemu ya hadithi ndefu: unawaongoza wahusika, unazungumza na watu, unapigana, unasafiri. Na habari yenyewe ni ya maharamia. Maharamia wa angani.

Naam, umesikia vizuri. Wa angani.

Hebu fumba macho kidogo, kama huendeshi gari. Fikiria dunia isiyo na bahari. Chini hakuna maji, kuna mawingu, na chini ya mawingu kuna giza. Nchi zote ni visiwa vinavyoelea hewani. Mtu akitaka kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine hupanda merikebu, na merikebu zenyewe huruka. Zina omo na tezi, zina usukani, zina mizinga ubavuni, zina nahodha na mabaharia, ila hazijui maji. Juu ya dunia hiyo kuna miezi sita: wa fedha, mwekundu, wa kijani, wa buluu, wa manjano na wa zambarau. Kila mwezi una nchi zake chini yake. Na kutoka kwenye miezi hiyo huanguka mawe yenye nguvu, ambayo watu huyaokota wakaendeshea injini za merikebu, wakatilia nguvu silaha na uganga wao.

Katika dunia hiyo yuko kijana wa miaka 17 anayeitwa Vyse. Baba yake, Dyne, ni nahodha wa merikebu ya maharamia iitwayo Albatross. Yuko na rafiki yake tangu utoto, msichana mwenye maneno mengi na moyo mkunjufu, jina lake Aika. Siku moja wanaishambulia merikebu ya kivita ya dola la Valua, na ndani yake wanamkuta binti mgeni, Fina, aliyekamatwa na askari wa dola hilo. Wanamwokoa. Kuanzia hapo mambo hayapoi tena. Fina ametumwa kukusanya fuwele za miezi, kila fuwele ya mwezi wake, kwa sababu fuwele hizo zinaweza kuyaamsha majitu ya kale yaliyowahi kutumika katika vita vya kuangamizana. Na Valua nao wanazitafuta.

Sasa hapa msikilizaji mmoja ataniuliza: bwana, wewe unatusifia maharamia? Wezi? Watoto wetu wajifunze uharamia?

Swali zuri. Tulijibu polepole.

Ndani ya gemu hii kuna maharamia wa aina mbili. Wapo Maharamia Weusi, ambao humvamia yeyote, mwenye silaha na asiye na silaha, mfanyabiashara na mvuvi. Na wapo wanaojiita Blue Rogues, maharamia wa buluu, ambao ndio ukoo wa Vyse. Hawa wana sheria zao. Hawamgusi asiye na silaha. Huzishambulia merikebu zenye mizinga, na hasa za Valua, dola linalomeza nchi za wenzake. Mtu aliye taabuni angani hawampiti. Na ukifika mji mkuu wa Valua wenyewe unaona kwa nini: juu wanakaa matajiri katika mji wa taa na majumba, na chini yake kuna mji mwingine, wa maskini, wenye uchafu na kutu. Malkia wao Teodora na maamiri wake hawautazami mji huo. Gemu haisimami jukwaani kukuhubiria. Inakupitisha katika vichochoro vile, ukaongea na watu, ukaona nani analala njaa.

Kwa hiyo nirudie: uharamia wa Vyse una mpaka, naye haruki mpaka huo hata pale ambapo kuuruka kungempa faida. Mtoto anayecheza anaona uamuzi huo ukifanyika mbele yake, na mara nyingine anaufanya yeye mwenyewe, maana gemu humuuliza Vyse ajibu nini, na majibu yake yanampandisha au kumshusha heshima kama nahodha. Mimi sioni hatari hapo. Naona mazungumzo mazuri ya mzazi na mwanawe, kama mzazi atakuwapo.

Lakini, wapenzi wasikilizaji, si hilo lililonivuta kuizungumzia gemu hii leo. Nimevutwa na dira.

Nitaeleza. Unapoendesha merikebu yako, skrini inakuonyesha anga, visiwa kwa mbali, na dira. Ramani unayo, lakini mwanzoni haina kitu: sehemu unazopita ndizo zinazojichora, na ambako hujafika kunabaki kutupu. Sasa unaruka zako, una safari yako, pengine unakwenda kununua silaha bandarini. Ghafla dira inaanza kuzunguka. Inazunguka, inazunguka, haitulii. Maana yake nini? Maana yake karibu na hapo kuna kitu ambacho hakimo kwenye ramani ya mtu yeyote.

Kiko wapi? Hujui. Kiko juu yako au chini yako? Hujui. Unapunguza mwendo. Unageuza usukani huku na huku. Unaisogelea miamba, unachungulia nyuma ya kisiwa, unarudi ulikotoka. Unabonyeza kitufe, hakuna kitu. Unasogea tena kidogo, unabonyeza, na hapo picha inafunguka. Ni kaburi la haramia wa zamani. Ni chemchemi katikati ya jangwa. Ni merikebu ya mizimu inayoelea bila mtu usukanini. Gemu inakupa maneno machache ya kueleza ulichokiona, kisha inakuachia uendelee na safari yako.

Basi, ndivyo ilivyo. Umegundua.

Ukitaka, unaupeleka ugunduzi wako kwa chama cha mabaharia bandarini, nao wanakulipa. Ukichelewa bei inashuka, kwa sababu wewe si mvumbuzi peke yako angani. Lakini fedha hizo sizo zinazomrudisha mchezaji. Sehemu kubwa ya vitu hivyo si lazima kuviona. Hadithi itaendelea bila wewe kujua kwamba kaburi lile lipo. Hakuna amiri wa Valua anayeshindwa kwa sababu ulilitazama ziwa. Kwa hiyo mtu anapoacha njia yake, akakaa akiizungusha merikebu katika kipande kimoja cha anga kwa sababu dira haikutulia, anafanya hivyo kwa sababu moja tu. Anataka kujua.

Na hilo, msikilizaji, ndilo nililokuja kulisema leo. Gemu hii imeichukua hamu ya kujua, ile hamu ya mtoto anayeuliza "kule nyuma ya kilima kuna nini," ikaifanya kuwa raha kubwa kuliko kushinda vita. Gemu nyingi hukulipa kwa kuua. Hii inakulipa pia kwa kutazama. Ni jambo adimu, na walilifanya mwaka 2000, katika mashine ambayo leo simu nyingi za mfukoni zinaipita nguvu.

Tena wamelipanga kwa akili. Merikebu yako ya kwanza haiwezi kwenda kila mahali. Kuna kuta za upepo zinazokurudisha nyuma. Huwezi kupanda juu ya mawingu, wala kushuka katika anga ya chini kabisa ambako uzito wa hewa unaponda vyombo. Kwa hiyo unapita mahali, dira inazunguka, unatafuta kila upande, huoni. Unakata tamaa, unaondoka, lakini unapakumbuka. Baadaye sana, merikebu yako imeimarishwa, unaweza kupaa zaidi au kuzama zaidi. Nini kinakujia akilini kwanza? Pale mahali. Unarudi, na kitu kilikuwapo siku zote, juu tu ya kichwa chako.

Na kilele cha jambo hili ni Dark Rift, ufa wa giza na tufani ambao watu wa dunia hiyo wanauona kuwa ndio mwisho wa yote. Waliokwenda hawakurudi. Vyse anaingia. Humo ndani ni upepo na ukungu, njia zinazokurudisha ulikotoka, na vyombo vilivyovunjika vya waliotangulia. Na upande wa pili? Upande wa pili kuna nchi nzima, Yafutoma, chini ya mwezi wa buluu, ina mfalme, ina masoko, ina watu ambao nao hawakujua kwamba kuna watu kwetu. Mimi nimesoma na kutazama hadithi nyingi za safari, na bado naona kuwa kuvuka ufa ule ni miongoni mwa safari bora zilizowahi kuwekwa katika gemu, kwa sababu hukusimuliwa. Ulishika usukani wewe.

Nisiwe wa dira tu, maana yapo mambo mengine mawili matatu ninayotaka uyasikie.

La kwanza ni jinsi wanavyopigana. Katika gemu nyingi za aina hii kila mpiganaji ana nguvu zake na anazitumia apendavyo. Hapa kuna akiba moja ya moyo wa kupigana, nayo ni ya wote. Kila zamu akiba hiyo inaongezeka kidogo. Vyse akitaka kupiga pigo lake kubwa, anachota humo. Aika akitaka kurusha moto, anachota humohumo. Fina akitaka kuwaponya wenzake, vilevile. Ni kula sinia moja: mmoja akijipakulia minofu yote, wengine wanaambua mifupa. Kwa hiyo mara kwa mara mmoja inabidi aache zamu yake, asipige wala asijikinge, akae atulie ili akiba ipande na mwenzake apate cha kutosha. Mchezaji mchanga hujifunza hili mapema, tena bila kuambiwa, kwa kushindwa vita ambavyo angevishinda.

Merikebu kwa merikebu nako ni hivyohivyo, ila polepole zaidi. Unapanga hatua kadhaa mbele: sasa mizinga, halafu kinga, halafu kombora litakalofika zamu ijayo. Rangi kwenye skrini zinakuonya wakati gani wa hatari na wakati gani wa nafasi. Ni mapambano ya kufikiri, wala mwenye vidole vyepesi hana upendeleo.

La pili ni muziki, na sisi watu wa redio tutausahau vipi muziki? Waliotunga ni Yutaka Minobe na Tatsuyuki Maeda. Kila nchi ina sauti yake. Nchi ya Nasr, ya jangwa na wafanyabiashara, ina mwenendo wake. Ixa'taka ya misitu ina wake. Lakini sikiliza hili: katika vita vikubwa muziki unafuata hali yako. Ukizidiwa, unageuka, unakuwa wa dharura, moyo unakwenda mbio. Ukianza kushinda, unapanda na kufunguka, ukasikia kabisa kwamba adui anayumba. Ukiwa chumba cha pili, hutazami skrini, utajua kijana wako anashinda au anashindwa. Kwa masikio tu.

La tatu ni watu. Katikati ya hadithi Vyse anapata merikebu kubwa, Delphinus, iliyojengwa na Valua wenyewe, na anayemsaidia kuipata ni Enrique, mwana wa Malkia Teodora, aliyechoshwa na vita vya mama yake. Vyse anapata pia kisiwa cha kuishi. Kisha kazi inakuwa kutafuta mabaharia. Wapo 22 katika dunia nzima, na kila mmoja ana mahali pake na sharti lake: mpishi, mshika usukani, fundi, mpiga mzinga, mfanyabiashara, hata mchekeshaji. Polly, kwa mfano, ni mama mwenye mgahawa, na mumewe baharia alipotea siku nyingi. Ukisafiri vya kutosha utamkuta mtu akiishi peke yake katika merikebu iliyovunjika, mbali kabisa na kwao. Anaitwa Robinson. Unaona inakokwenda, sivyo? Nitaishia hapo, nisikuharibie.

Yupo pia mzee Drachma, nahodha mwenye mkono wa chuma, ambaye mtoto wake aliuawa na nyangumi wa angani, naye ameapa kumwinda nyangumi huyo mpaka mwisho. Aliyesoma riwaya ya Moby-Dick ya Mmarekani Herman Melville, ya mwaka 1851, atamtambua mzee huyu mara moja. Lakini watengenezaji hawakunakili. Walimpa mzee Drachma mlango ambao nahodha wa Melville hakuupata.

Je, gemu hii haina kasoro? Inazo. Kubwa kuliko zote ni kwamba adui hutokea bila kuonekana, unaruka tu mara skrini inageuka, vita. Katika toleo la kwanza vita hivyo ni vingi mno. Vinachosha, na vinaudhi zaidi pale unapotafuta ugunduzi, yaani pale ambapo gemu yenyewe inataka uwe mtulivu. Walipoitoa upya kwa mashine ya GameCube, kwa jina la Skies of Arcadia Legends, Japani mwishoni mwa 2002 na kwingineko mwaka 2003, walivipunguza, wakaongeza na visa vipya. Kwa anayeanza, nashauri hilo la pili.

Tatizo jingine halikuwa la gemu. Lilikuwa la wakati. Mwisho wa Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza Dreamcast. Ulaya ilikuwa haijaipokea hata gemu yenyewe. Kwa hiyo kazi hii kubwa ilifika sokoni mashine yake ikiwa inaagwa, na watu wengi waliopaswa kuicheza hawakuiona.

Na kuna jina moja nataka ulishike kabla hatujaachana. Mtayarishaji wa gemu hii alikuwa mwanamke, Rieko Kodama. Aliingia Sega mwaka 1984 kama mchoraji, wakati ambapo wanawake katika kazi hiyo walikuwa wachache sana. Alichora katika Phantasy Star ya mwaka 1987, baadaye akaongoza Phantasy Star IV ya mwaka 1993, na mwaka 2019 waundaji wenzake wa gemu walimpa tuzo ya waanzilishi kule Marekani. Alifariki mwezi Mei 2022 akiwa na miaka 58. Namtaja kwa makusudi, kwa ajili ya wasichana wanaonisikiliza sasa hivi, wanaochora pembeni mwa madaftari yao na kuambiwa kwamba gemu ni mambo ya wavulana. Dunia ile ya visiwa vinavyoelea ilisimamiwa na mwanamke aliyeanza kwa penseli.

Basi, wapenzi wasikilizaji, muda wetu unayoyoma, na nina maombi mawili.

Kwa mzazi: jioni moja kaa na mwanao anapocheza, gemu hii au nyingine. Usianze kwa kukemea. Uliza majina ya watu, uliza wanatafuta nini. Ukishajua kinachochezwa, utakuwa na haki ya kusema kipi kinafaa na kipi hakifai, na utasikilizwa.

Kwako wewe kijana utakayeipata Skies of Arcadia, ukatweka na kung'oa nanga na Vyse: kwenye intaneti utakuta orodha za kila ugunduzi, uko wapi na ubonyeze wapi. Nakusihi usizifungue. Wasikilize watu wa bandarini wakidokeza, ruka taratibu, na dira ikianza kuzunguka, tafuta mwenyewe. Ukikosa leo, utarudi kesho. Ukikipata kitu cha kwanza kwa macho yako, tuandikie utuambie ni nini.